SOMO: Kutafuta namba b ya matetemeko kwa Excel (soma yote kabla hujanitumia inboksi)

Inboksi yangu ni swali moja tu kila saa, mwalimu matetemeko yanapigwaje hesabu, so naandika hapa mara moja na ukiuliza tena nakutumia linki.

Kanuni ni ya Gutenberg na Richter: ukipanda ukubwa kwa 1, idadi inashuka karibu mara kumi. Kasi ya huko kushuka ndio b, na sehemu nyingi duniani inacheza karibu na 1.

1. Ingia tovuti ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani), chora boksi ya Bonde la Ufa, shusha CSV. Ni bure.

2. Bakiza safu mbili, mag (ukubwa) na magType (aina ya mizani ya ukubwa). Usichanganye mb na mw, hizo ni mizani tofauti.

3. Hapa ndio watu huangukia. Vitetemeko vidogo vya huku kwetu mitambo ya mbali haivishiki, so katalogi ina mashimo huko chini. Hesabu ngapi ziko kwa kila 0.1 ya ukubwa, angalia idadi inafika kilele wapi, ongeza 0.2, hio ndio Mc yako, yaani ukubwa ambao kuanzia hapo katalogi haina mashimo. Chini ya hapo FUTA YOTE, hata kama roho inauma. Tuseme Mc ni 4.5 na wastani wa zilizobaki ni 4.88, kwa kanuni ya namba 4 hapo chini utapata b ya 1.01. Ukilazimisha Mc 4.0 wastani ushuke 4.70, b inakuwa 0.58, alafu unakuja hapa kutangaza volkano ya Menengai inalipuka.

4. b = 0.4343 ÷ (wastani − (Mc − 0.05)). Ni ya Aki, 1965. Hio 0.05 ni nusu ya 0.1, usiiache.

5. Kosa ni b gawanya kwa kipeuo cha pili (square root) cha idadi. Matetemeko 25 yanakupa kosa la asilimia 20, so usibishane na mtu juu ya 0.9 na 1.1.

MASWALI

Kijana_wa_Kondele: Sasa Nakuru itatetemeka lini?
— Soma tena. b haina tarehe.

Kijana_wa_Kondele: Lakini si Subukia ilitetemeka?
— Ndio, 6 Januari 1928, ukubwa 6.9. Moja hio. Utachora mstari na nukta moja?

Mama_Fizikia_Kakamega: Mwalimu, hii njia inaweza shika dhoruba za sumaku za jua?
— Swali tamu hilo dada. Chukua Dst ya Kyoto, namba inayoonyesha usumaku wa dunia umevurugwa kiasi gani, inatoka kila saa. Lakini dhoruba moja inashusha Dst masaa mengi mfululizo, so usihesabu kila saa kama dhoruba mpya, chukua kilele kimoja tu, yaani pale iliposhuka zaidi. Ile ya Machi 1989 iliyozima stima Quebec ilifika −589 nT (nanotesla), hio ihesabu moja. Alafu usitumie 0.4343 hapa, Dst si logi kama ukubwa wa tetemeko. Panga vilele kutoka kikubwa, chora logi kwa logi, uone mkia unanyooka ama unapinda. Ukimaliza niletee grafu, nataka kuiona.

Otis_254: Kwani dhoruba ndio huleta tetemeko?
— Hapana. Hesabu kufanana si kuleta.

Bosi_wa_Saiba: Mimi kwa simu mag zote zimegeuka tarehe, 4.5 inasoma tano Aprili
— Badilisha seti ya lugha (locale) iwe ya nchi inayoandika desimali kwa nukta, ama kabla ya kufungua weka hio safu iwe teksti. Google Sheets pia inafanya hivyo vituko.