Namna ya Kuandaa Maandishi kwa Ajili ya Watu Wanaoishi na Dimenshia

Mtu anayeishi na dimenshia, yaani hali ya ubongo inayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mara nyingi huweza kusoma sentensi bila shida, ila anapofika mwisho wake, mwanzo umekwisha kumponyoka. Kwa hiyo anayeandaa kipeperushi, barua ya miadi au kibao cha mlangoni ana kazi moja kubwa: kuhakikisha kwamba msomaji halazimiki kukumbuka alichosoma juu ili aelewe anachosoma chini.

Anza na lugha. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba watu na vitu ndani ya viambishi. Tazama sentensi hii: "Ikishajazwa mpatie muuguzi, naye ataipeleka kwa daktari aisaini kabla hajakurudishia." Ni nini kinachojazwa? Anayerudisha ni daktari au muuguzi? Iandike upya hivi: "Jaza fomu hii. Mpe muuguzi fomu. Muuguzi atampelekea daktari fomu. Daktari atatia saini. Kisha muuguzi atakurudishia fomu." Mhariri anaweza kukerwa na neno "fomu" linalojirudia, lakini ndilo linalomshika msomaji mkono. Epuka pia vifupisho, mafumbo na ukanushi maradufu kama "usikose kutokula". Tarehe iandike kamili, "Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa 3 asubuhi", wala si "Jumanne ijayo", kwa kuwa barua hiyo huenda ikasomwa tena na tena kwa siku kadhaa.

Kuhusu mwonekano, tumia herufi zisizo na mapambo, za ukubwa wa 14 au zaidi, na maandishi yaanzie kushoto. Usiandike aya nzima kwa herufi kubwa wala kwa mlazo, yaani herufi zilizoinama. Kwenye tovuti, viwango vya kimataifa vinataka uwiano wa utofauti, yaani tofauti ya mwangaza, kati ya maandishi ya kawaida na usuli (rangi iliyo nyuma yake) usipungue 4.5 kwa 1, na 7 kwa 1 ni bora zaidi. Karatasi isiwe ya kung'aa. Maandishi yasiwekwe juu ya picha, kwani zipo aina za dimenshia ambazo macho ni mazima lakini ubongo hushindwa kutenganisha kilicho mbele na kilicho nyuma.

Picha ya mlango wenyewe atakaoingia msomaji humsaidia kuliko alama ya kubuni. Kibao cha choo kiwe na neno na picha, tena kibandikwe kwenye mlango wenyewe, kwa sababu kikiwa ukutani pembeni mtu anaweza kukitafuta chumba hapo hapo ukutani. Ikiwa waraka una kurasa kadhaa, kila ukurasa uandikwe "Ukurasa wa 2 kati ya 4" na uwe na nambari ya simu ya kuuliza.

Kabla ya kuchapa, wape rasimu watu wanaoishi na dimenshia wenyewe, wala usitosheke na maoni ya wanaowatunza. Usiwaulize "Umeelewa?", maana wengi watakubali kwa adabu tu; mwombe kila mmoja akuonyeshe atakachofanya kwanza baada ya kusoma. Pale kidole chake kinaporudi mstari wa juu, hapo ndipo pa kuandika upya.