Jinsi ya kuomba kifurushi kilichotelekezwa kiondolewe Debian

Kifurushi cha programu kwenye Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kikikosa wa kukiangalia, mianya ya usalama inayogunduliwa haina wa kuiziba, ilhali watu wanaendelea kukisakinisha kwa imani. Kukiombea kiondolewe ni kuwatendea haki. Ombi lenyewe ni fupi. Kazi iko kabla ya kuliandika.

Anzia tracker.debian.org, tovuti yenye habari za kila kifurushi. Tazama toleo la mwisho lilitoka lini, hitilafu nzito zipi hazijajibiwa, na kama watunzi wa programu yenyewe bado wapo. Ukimya peke yake si ushahidi: zipo programu ndogo zilizokwisha kukamilika, hazihitaji kuguswa kila mwaka.

Kisha tafuta vifurushi vinavyokitegemea, na hapa usiharakishe. Kwenye mfumo wenye hazina za sid, tawi la Debian linalopokea vifurushi vipya kwanza, amri `apt-cache rdepends` pamoja na jina la kifurushi huonyesha vinavyokihitaji ili vifanye kazi. `build-rdeps`, iliyomo kwenye devscripts (kifurushi cha zana za watengenezaji wa Debian), huonyesha vinavyokihitaji wakati wa kujengwa, na hii ya pili ni rahisi kusahaulika. Kila utakachokipata, kifungulie ripoti ya hitilafu na utaje mbadala. Waundaji wa Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu, waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020, lakini Debian 11 ya mwaka 2021 bado ilikuwa nayo. Haikuwemo tena kwenye Debian 12 ya 2023. Kuwahamisha wategemezi huchukua muda kiasi hicho.

Kama si wewe mtunzaji, yaani anayekiangalia kifurushi ndani ya Debian, fungua kwanza ripoti kwenye kifurushi chenyewe ukipendekeza kiondolewe, umpe mwenyewe nafasi ya kutosha kujibu. Huenda yupo anayetaka kukifufua.

Ndipo uandike `reportbug ftp.debian.org`, amri inayotuma ripoti kwa wasimamizi wa hazina, kichwa kikiwa hivi:

`RM: jina -- RoM; sababu`

RoM maana yake mtunzaji ndiye anayeomba. Asiye mtunzaji, anayeomba kwa niaba ya ubora wa Debian, huandika RoQA. Sababu iandike kwa Kiingereza, maana wasimamizi wa hazina wanatoka nchi nyingi: sentensi mbili tatu, pamoja na namba za ripoti ulizofungua. Ikiwa bado kuna kinachokitegemea, liseme waziwazi, la sivyo ombi litakwama.

Likikubaliwa, kifurushi hutoka sid na baadaye testing, tawi linaloandaa toleo lijalo. Ripoti zake hufungwa. Walio kwenye toleo thabiti hawaguswi. Atakayekitaka tena atapitia foleni ya vifurushi vipya, na matoleo ya zamani atayakuta snapshot.debian.org.