Matairi ya kiwandani nje ya lami: anza na upepo
Kabla ya kununua matairi mengine, jaribu kwanza kupunguza upepo kwenye yale yaliyokuja na gari. Kama barabarani unatumia PSI 35 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), mimi hushusha hadi 25 kwenye kokoto na mawe, na karibu 18 kwenye mchanga laini, ambako tairi likitanuka huelea badala ya kuchimba. Chini ya 15 linaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona ghafla. Ninachokihofia zaidi ni ubavu wa tairi. Mengi ya kiwandani yana ubavu mwembamba, kwa hiyo jiwe lenye ncha lipande kwa uso wa tairi, polepole, lisikwaruze pembeni. Tope la mfinyanzi huziba meno ya tairi haraka, likwepe ukiweza. Jaza upepo kabla ya kukimbia tena kwenye lami.