Kumtafutia mzee wako wakili hapa Unguja na Pemba, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum. Mie ni msaidizi wa sheria shehiani, na mambo ya wazee ndo yanonijia kuliko kitu chengine: nyumba ya bibi, eka tatu za babu, penshen, mtoto mmoja kashika hati wenziwe wamenuna. Huku kwetu hukuti wakili alobandika kibao kuwa yeye ni wa wazee tu, anoshughulika na mirathi ndo huyo huyo wa ardhi na talaka, kwa hivo kumpata anofaa kunataka utaratibu. Na kabla sijaanza nataka hili mulishike mana mengine yote yanakaa juu yake: wakili ni wa mzee. Hata kama pesa unatoa wewe, hata kama wewe ndo ulompigia simu ukampeleka na gari yako, mwenye shughuli ni mzee na anosikilizwa ni mzee.

Hatua ya 1: Kaa na mzee ujue anataka nini

Anachotaka yeye, sio unachotaka wewe wala ndugu zako walioko Maskati. Muulize taratibu siku ambayo haumwi, wengi asubuhi baada ya chai ndo akili inakuwa imetulia, na usimuulize mbele ya wakwe na wajukuu mana atasema lolote ili watu waridhike. Andika anavosema kwa maneno yake mwenyewe.

Ukishaandika utaona mambo mengine hayataki wakili kabisa, na hapa watu wanamaliza pesa bure. Pencheni jamii, ile ya wazee waliotimia miaka 70 ilioanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, anzia kwa sheha na ustawi wa jamii. Umri umeandikwa vibaya kwenye kitambulisho, hilo ni la Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kama ni mirathi ya mtu aliekwishafariki, baba kafa mama kabaki kizuka ndani ya nyumba na watoto wa mke mwenza wanataka chao, basi nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wapo Unguja na wapo Pemba, kazi yao ni kukusanya mali, kulipa madeni na kumpigia kila mrithi fungu lake. Mukigombana ndo munafika Mahkama ya Kadhi.

Wakili tafuta pale mzee akitaka kumpa mtu uwakala, yaani karatasi ya kumruhusu afanye mambo kwa niaba yake, akitaka kutoa hiba, yaani kumpa mtu mali bure yeye yuhai, au kuandika wasia na mali yenyewe ina utata, akiwa na mgogoro wa shamba, au kuna mtu kamrubuni akatia dole kwenye karatasi asioijua. Hili la mwisho usilale nalo hata siku moja.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Kitambulisho, hati ya nyumba au ya shamba, risiti za zamani hata zilizoliwa na mende, cheti cha ndoa, vyeti vya vifo, karatasi za ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) au za kiinua mgongo. Toa fotokopi, za asili zisitoke mkononi mwa familia. Kama shamba ni eka tatu za serikali, zile walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi, sema mapema, zina masharti yake tofauti na shamba la kununua. Na kama mikarafuu au minazi ni ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, jambo ambalo kwetu lipo sana, liandike hilo pia kwa ufafanuzi, mana wakili mgeni na mambo ya mashamba halimjii kichwani.

Hatua ya 3: Pata majina mawili matatu na uyahakikishe

Waulize watu waliomaliza kesi kama yenu, muulize msaidizi wa sheria wa kwenu, ulizia Chama cha Wanasheria Zanzibar. Hali ikiwa duni kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar ambacho kipo tangu 1992, kuna jumuiya ya wanasheria wanawake ZAFELA, na tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, kwa hivo mzee asikae na dhulma eti hana pesa.

Kuhakikisha ni hivi. Mahkama za Zanzibar ni mbali na za Bara, kwa hivo wakili mkubwa wa Dar es Salaam mwenye jina zuri haimaanishi anaruhusiwa kusimama mbele ya hakimu wa Zanzibar, muulize kasajiliwa huku? Pili, kwetu kuna wakili na kuna vakili, vakili leseni yake ni ya mahkama za chini tu, wapo wazuri sana na bei zao nafuu, lakini kama jambo lenu litafika Mahkama Kuu ujue mapema. Omba kuona leseni ya mwaka huu. Anokasirika kuulizwa leseni ondokeni. Na wale wanosimama nje ya mahkama wakikwambia "nipe hiyo karatasi nitakushughulikia", usiwape hata fotokopi.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza ofisini

Mzee aende mwenyewe. Kama hawezi kutembea wakili aje nyumbani, na jibu lake kwa ombi hilo litakufunza mengi kuhusu yeye. Mukifika muangalie anazungumza na nani, mie hichi ndo kipimo changu cha mwanzo. Wakili anokuelekea wewe mtoto na kumuacha mzee kakaa pembeni na bakora yake hatomfaa. Anofaa atamuamkia shikamoo, atamuita mzee au bibi, atasema polepole kwa Kiswahili kinachofahamika, kisha ATAKUTOA NJE. Ndio, atakwambia wewe toka kidogo nizungumze na mzee peke yake. Watoto wengi wanachukia wanaona wamevunjiwa heshima, kumbe hiyo ndo kinga ya mzee na kinga yako wewe pia, mana kesho ndugu zako wakisema ulimlazimisha kuna mtu wa kusema hapana, nilimsikiliza peke yake na alinambia hivi na hivi.

Maswali ya kumpima yapo mengi, mie hutumia haya. Muulize: mzee anataka nyumba yote aiusie kwa mtoto mmoja, utamuandikia? Akikubali hapo hapo, muondoke. Wasia kwetu Waislamu mwisho wake ni theluthi ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenziwe waridhie. Muulize na hiba. Akujibu kuwa hiba ni kutoa na kukabidhi mzee yuhai, sio karatasi imeandikwa halafu kodi anaendelea kupokea yeye na funguo zipo kwake, hiyo ndo inoleta vita baadae. Na alotoa akiwa katika maradhi ya mauti, yaani ugonjwa ule ule uliomuua, hiba yake inaangaliwa kama wasia. Wakili asiejua haya anaweza kuwa hodari wa mikataba ya hoteli huko Nungwi, lakini kwa mzee wako sio.

Halafu uwakala. Hapa nakuombeni musome mara mbili. Watu wanapenda uwakala wa kila kitu, "nampa mwanangu uwakala katika mambo yangu yote", karatasi moja inauza nyumba, inatoa pesa benki, inasaini kila kitu. Mwambie wakili muandike kazi maalum: kumpokelea penshen yake, basi. Au kumsimamia kesi ya shamba la sehemu fulani, basi. Kuuza kusiwemo ila mzee mwenyewe ametamka kwa mdomo wake anataka kuuza na kwa nini. Na mujue uwakala unakufa siku anayokufa mwenyewe, mtu akiuza kiwanja wiki moja baada ya maziko kwa uwakala wa marehemu hajauza kitu. Na mzee aliekwishapoteza akili, hawatambui hata wanawe, hawezi kutoa uwakala mpya hata mumshike dole mulikandamize. Njia iliobaki hapo ni mahkama. Ndo mana nasema haya yafanywe mapema, na kama anaanza kusahau sahau pateni barua ya dokta anomtibu, ya tarehe hizo hizo, kuwa anafahamu anachokifanya.

Hatua ya 5: Ada

Ikubaliwe na iandikwe kabla kazi haijaanza: jumla ni kiasi gani, inalipwa kwa vipande vingapi, kuna gharama gani za mahkama na za usajili nje ya ada yake. Kila ukilipa chukua risiti. Pesa ikitoka kwa mtoto mmoja, ndugu wengine waambiwe.

Hatua ya 6: Kutia saini

Hati nyingi zinakuja kwa Kiingereza. Takeni Kiswahili, na kama lazima iwe Kiingereza isomwe mstari kwa mstari mzee asikie. Wengi wazee wetu wamesoma chuoni, chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu wanaziandika vizuri kuliko hizi, atie saini kwa herufi anazozijua, asilazimishwe dole kana kwamba hajui kitu. Baada ya kusomewa mwambieni aeleze yeye mwenyewe, "haya bibi, hapa umesema nini?" Akishindwa kueleza, saini isitiwe siku hiyo, mutarudi. Mashahidi wasiwe warithi wala mke au mume wa mrithi, tafuteni jirani au mtu wa mskitini anoaminika, mtu ambae hafaidiki na kitu.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Hati inayotakiwa kusajiliwa isajiliwe, nyaraka husajiliwa BPRA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali), usimuachie wakili akwambie nitafanya wiki ijayo wiki ijayo. Nakala moja akae nayo mzee mwenyewe kwenye kasha lake na ufunguo uwe wake, nyengine kwa wakili, na mtoto mmoja ambae hakutajwa humo ndani ajue kuwa zipo na ziko wapi. Mzee akibadilisha mawazo, na ana haki hiyo muda wote akili yake ni timamu, wakili aandike barua ya kuufuta uwakala, na apelekewe nakala aliepewa uwakala, benki, na sheha siku hiyo hiyo.