Kuchora ramani ya ushoroba (njia ya kupita) wa tembo kwa ndege nyuki (droni)

Mfano wangu ni ushoroba wa Kwakuchinja, unaounganisha hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Usitegemee kupiga picha ya tembo. Mashambani hupita zaidi usiku, nawe utarusha mchana. Unachotafuta ni njia zao.

Hatua ya 1: Vibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) ukigusa hifadhi, kisha ofisi ya kijiji. Ukiiruka hiyo ya mwisho, wakulima watadhani unapima ardhi ili wahamishwe, na kazi imeishia hapo.

Hatua ya 2: Mpango wa kuruka. Ndege nyuki aina ya Phantom 4 Pro ikiwa mita 100 juu, pikseli (nukta) moja ya picha ni karibu sentimita 2.7 ardhini. Picha zilaliane asilimia 80 mbele, 70 ubavuni.

Hatua ya 3: Rusha kati ya saa nne na saa nane mchana, vivuli vikiwa vifupi. Ukiona kundi, geuza. Tembo huogopa mlio wa ndege nyuki. Majaribio ya Tarangire–Manyara na Serengeti yaliutumia kuwafukuza mashambani. Wewe ukiwakurupusha hovyo, unaweza kuwasukumia shambani kwa mtu.

Hatua ya 4: Unganisha picha ziwe moja kwa programu ya WebODM, bure ukiisakinisha mwenyewe, kisha fungua QGIS, programu ya ramani, uchore njia. Angalia ukanda wa UTM (mfumo wa kupima mahali kwa mita, unaoigawa dunia katika kanda): eneo hili liko jirani na nyuzi 36 Mashariki, mpaka wa 36 Kusini na 37 Kusini. Chagua mmoja, kazi yote ibaki humo.

Hatua ya 5: Tembea. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chapisha ramani, nenda na askari wa wanyamapori wa kijiji pamoja na mzee anayelijua pori. Mara ya kwanza nilichora njia moja safi, nikaisifia. Mzee akaitazama, akacheka: "Hiyo ni ya ng'ombe wangu kwenda lamboni." Kutoka juu zinafanana. Ifuate kwa miguu: ya ng'ombe itakufikisha bomani au majini, ya tembo ina mavi makubwa yenye nyuzinyuzi na mibuyu iliyochunwa magome. Weka alama ya GPS kila unapothibitisha, na futa usichothibitisha hata kama kinapendeza.

Hatua ya 6: Kabla ya kugawa. Picha za ndege nyuki hubeba ndani yake namba za GPS za mahali zilipopigwa, na jangili naye ana simu. Zisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Kijijini peleka ramani ya karatasi, bila alama za mahali kundi linapolala.