"Si lazima" siyo "must not": must, have to, may na wenzao

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kambi moja ya watalii nilipewa chaki niandike tangazo la matembezi ya alfajiri. Nilitaka wageni waelewe kwamba anayetaka aje, asiyetaka alale. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tu: si lazima. Nikachukua lazima, nikajua hiyo ni must, nikabandika not, nikaandika kwa herufi kubwa: "You must not join the morning walk."

Saa kumi na moja na nusu mwongoza watalii alikuwa kasimama na tochi yake, chai iko kwenye chupa, vikombe kumi na viwili vimepangwa kwenye sinia. Hakutokea mtu. Wageni walikuwa wamesoma kwamba wamekatazwa, na wale walikuwa watu wa kufuata maagizo.

Tuanze na umbo, tulimalize haraka. Can, could, may, might, must na should haziongezwi s wala hazifuatwi na to. Ni "She must go", si "She musts go" wala "She must to go". Have to ndiyo yenye tabia za kitenzi cha kawaida: "She has to go", "Does she have to go?" Isitoshe, must haina jana wala kesho. Jana ni "I had to go", kesho ni "I will have to go". "I will must" haipo.

Hatua ya pili: nani anakulazimisha? Must mara nyingi hutoka kwa msemaji mwenyewe, au kwenye amri iliyoandikwa. Have to huleta shuruti ya nje. "I must stop smoking", nimejiamulia. "I have to stop smoking", hapo nanusa daktari. Lakini usijitese na tofauti hii. Kwenye mazungumzo ya kila siku, hasa Marekani, have to imetawala. Should ni nyepesi zaidi, ni ile yafaa au inapasa yetu. Na kumbuka kwamba ukimwambia mgeni "You must try the pilau" hujamwamuru, umemkaribisha kwa moyo. Ila ukimwambia "You must sign here" unasikika kama askari wa getini. Mwambie "You need to sign here".

Hatua ya tatu: kukanusha. Hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Kwenye "si lazima kushiriki", si inaipiga lazima yenyewe: ulazima umeondoka. Kwenye "must not join", not haiigusi must kabisa. Inakwenda kukikamata kitendo kinachofuata. Ulazima umebaki palepale, ila sasa ni ulazima wa kutoshiriki. Kwenye "don't have to join", don't inatangulia na kuupiga ulazima, kama si yetu. Ziweke pamoja uzione:

You must join: lazima ushiriki.
You must not join: lazima usishiriki, yaani marufuku.
You don't have to join: si lazima ushiriki.

Dawa yake ninayowapa wanafunzi ni hii: kila ukiona must not, isome kichwani "lazima usi-". "You must not touch", lazima usiguse. Ukishaizoea hutateleza tena. Waingereza wana needn't pia, nayo ni si lazima. Kwenye mustn't, ile t ya kati haisikiki. Hutamkwa karibu na "masnt".

Hatua ya nne: uwezekano. Watu hushangaa kuona must ikirudi huku, kumbe lazima yetu nayo hufanya vilevile. "Taa inawaka, lazima atakuwa ndani." Hakuna aliyemlazimisha awe ndani, mimi ndiye ninayekisia kwa ushahidi. "The light is on, she must be in." Ushahidi ukipungua, unashuka: "She may be in", huenda yumo. "She might be in", au "could be in", pengine yumo lakini nisingeweka dau. Ukiwa na hakika hayumo, usiseme "She mustn't be in". Sema "She can't be in", haiwezekani awe ndani.

May ina sura mbili, ruhusa na uwezekano. Chukua pakiti ya zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, usome: "May cause drowsiness." Haisemi utasinzia, inasema huenda ukasinzia, kwa hiyo usishike usukani. Kwenye sheria may husimama upande wa ruhusa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba may ikitumika kumpa mtu mamlaka, ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha. Shall ikitumika kumpa jukumu, ni lazima alitekeleze. Kesi inaweza kugeukia neno hilo moja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Can ni kuweza. Sasa "najua kuogelea" niseme "I know to swim"?*

Marahaba. Sema "I can swim". "I know how to swim" pia ni sawa, ila usiiache how. Na ujue kwamba mzizi wa can katika Kiingereza cha kale ulikuwa na maana ya kujua, kwa hiyo Kiswahili chako hakikukudanganya sana.

*"Jana niliweza kupata tiketi ya treni ya Dodoma." Nimeandika "I could get a ticket", nikakosolewa.*

Umekosolewa kwa haki. Could ya zamani ni uwezo wa jumla: "As a boy I could climb a coconut tree." Tukio moja lililofanikiwa ni "I was able to get a ticket" au "I managed to". Ungekosa tiketi, "I couldn't get a ticket" ingefaa bila tatizo.

*"Nilipaswa kumpigia mama" ni "I had to call" au "I should have called"?*

Ulimpigia? Kama ulimpigia kwa kuwa hukuwa na budi, "I had to call her". Kama hukumpigia na sasa roho inakusuta, "I should have called her". Halafu mpigie.

*Mimi ni dereva. Wageni wa Kimarekani wakisema can na can't nasikia kitu kimoja.*

Usiitafute t, mara nyingi wanaimeza. Sikiliza uzito. Can hutamkwa kwa kupita, karibu "kn": "I kn WAIT", mkazo uko kwenye kusubiri. Can't hubeba mkazo wake yenyewe na irabu yake husikika wazi: "I KENT wait." Ukibaki na shaka, uliza, "So you will wait?" kabla hujawasha gari.