Namna ya Kusoma Masimulizi ya Mashahidi wa Kanisa la Mwanzo

Kila mwaka, tarehe 7 Machi, Kanisa Katoliki huwakumbuka mashahidi Perpetua na Felista, wanawake waliouawa Karthago mwaka 203, na majina yao husikika pia katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Wengi wetu tunayafahamu majina hayo tangu utotoni, lakini ni wachache waliowahi kuyasoma maandishi yanayowahusu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya katekista, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanafunzi wa theolojia au muumini yeyote anayetaka kuyasoma masimulizi ya mashahidi wa karne za kwanza na kuwasimulia wengine bila kutia chumvi. Watu hao waliyalipia maneno yao kwa damu, na kwa sababu hiyo tunawiwa nao uangalifu wa kutenga yale waliyoyasema wao na yale yaliyosemwa juu yao baadaye.

Kiswahili chetu kinatusaidia tangu mwanzo. Kwetu, shahidi ni mtu anayesimama barazani kueleza alichokiona, na pia ni mtu aliyeifia imani yake, yule ambaye wengine humwita mfiadini. Neno la Kigiriki martys lilipita njia hiyo hiyo: lilikuwa neno la mahakamani kabla halijawa neno la kanisani. Soma basi kila simulizi ukijiuliza ni kesi gani iliyokuwa ikisikilizwa.

Anza na maandishi mafupi

Usianze na mkusanyiko mkubwa wa maisha ya watakatifu. Anza na kumbukumbu ya mashahidi wa Scilli, ambayo unaweza kuimaliza kwa dakika chache. Tarehe 17 Julai 180, Wakristo kutoka mahali padogo palipoitwa Scilli walifikishwa mbele ya liwali Vigellius Saturninus mjini Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Maandishi haya ya Kilatini yana sura ya kumbukumbu ya mahakama: yanataja mahali na tarehe, kisha swali, jibu, swali, jibu, hadi hukumu.

Chukua karatasi, uigawe sehemu mbili, upande mmoja uandike maneno ya liwali na upande wa pili majibu ya washtakiwa. Utagundua jambo ambalo masimulizi ya mimbarini mara nyingi hulificha: liwali hana kiu ya damu. Anawaambia kwamba wanaweza kupata msamaha wa Kaisari wakirudia akili zao, anadai kwamba dini ya Kirumi nayo ni nyofu, anataka tu waape kwa roho mlinzi wa Kaisari, na mwishoni anawapa siku 30 za kufikiri. Msemaji wao, Speratus, anajibu kwamba hajaiba, na kwamba anaponunua kitu hulipa kodi yake. Donata anasema heshima apewe Kaisari kama Kaisari, lakini kicho ni cha Mungu. Liwali anapouliza ni vitu gani vilivyomo katika kasha lao, jibu ni kwamba ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Anapoulizwa kama wanataka muda wa kufikiri, Speratus anajibu kwamba katika jambo la haki namna hiyo hakuna la kushauriana, na hata baada ya kupewa siku 30 anarudia tu kwamba yeye ni Mkristo.

Andika pia yasiyolingana. Mwanzoni mwa kumbukumbu wametajwa watu sita, na mwishoni majina ni kumi na mawili. Usiharakishe kulitatua jambo hilo, bali liweke pembeni kama alama kwamba hata maandishi yaliyo karibu sana na tukio yamepita katika mikono ya wanakili.

Uliza ni mwaka gani na ni sheria gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozuia makosa mengi. Tumezoea kusema kwamba Roma iliwatesa Wakristo kwa miaka mia tatu, kana kwamba amri moja ilidumu wakati wote huo. Haikuwa hivyo. Kaisari Nero aliwaua Wakristo wa mji wa Roma baada ya moto wa mwaka 64, lakini mateso hayo yalikuwa ya mji mmoja. Karibu na mwaka 112, Plinius Mdogo, aliyekuwa akitawala jimbo la Bithynia na Ponto katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Traianus kuuliza kama kosa ni jina lenyewe la Ukristo au ni maovu yaliyodhaniwa kuambatana nalo. Kaisari alijibu kwamba Wakristo wasitafutwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, anayekana na kuiabudu miungu asamehewe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe.

Shika jibu hilo kama kipimo. Simulizi likikuambia kwamba katika karne ya pili Kaisari aliwaamuru askari wapite nyumba kwa nyumba katika dola nzima kuwasaka Wakristo, una sababu ya kulitilia shaka, kwa kuwa wakati huo kesi nyingi zilianzia kwa majirani na kuishia kwa liwali wa jimbo. Mambo yalibadilika Decius aliposhika madaraka mwaka 249 na kuwaamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu. Valerian aliwalenga viongozi wa Kanisa mwaka 257 na 258, na Sipriani, askofu wa Karthago, akakatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mateso makubwa ya Diocletian yalianza Februari 303 kwa kubomoa makanisa na kuchoma Maandiko, hadi Galerius alipoyasimamisha mwaka 311.

Tenga sauti zilizomo

Baada ya Scilli, nenda kwa Perpetua, na hapa usiwe na haraka. Simulizi hili la mwaka 203 lina sauti tatu. Mhariri asiyetaja jina lake anafungua na kufunga. Katikati, Perpetua mwenyewe anaeleza siku zake za gerezani, na baada yake Saturus, mwenzake, anasimulia maono yake. Weka mistari kwa kalamu za rangi tatu, kila sauti na rangi yake, kisha usome tena sehemu ya Perpetua peke yake.

Utamkuta mwanamke wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye mtoto anayenyonya, anayekiri kwamba liliogopesha lile giza la gereza, kwa maana hajawahi kuliona la namna hiyo. Utaona mashemasi Tertius na Pomponius wakiwahonga walinzi ili wafungwa wakae saa chache mahali penye nafuu. Utamwona baba yake akimsihi. Perpetua anamwonyesha chombo cha maji na kumuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Baba anakiri kwamba hakiwezi, naye anasema kwamba vivyo hivyo hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Lakini Hilarianus, aliyeshika nafasi ya liwali aliyefariki, anapoamuru yule mzee apigwe fimbo, Perpetua anaandika kwamba aliumia kana kwamba amepigwa yeye. Sijui ukurasa mwingine wa karne hizo unaotufikisha karibu hivyo na moyo wa shahidi, na ninamsihi msomaji asiupite kwa haraka ya kufika uwanjani, walikotupiwa wanyama wakali. Mwenyewe anaweka kalamu chini kabla ya siku ya kufa, na kuacha yatakayotokea yaandikwe na atakayependa.

Habari za Felista, mtumwa aliyejifungua gerezani katika mwezi wa nane, zinatoka kwa mhariri. Jambo hilo halizifanyi kuwa uongo, ila linakutaka useme "imeandikwa kwamba Felista alisema" na si "Felista aliandika".

Kipimo kingine ni kulinganisha nakala. Polikarpo, askofu wa Smirna aliyechomwa moto katikati ya karne ya pili, anajulikana kwa barua ya Kanisa lake na kwa jibu lake kwamba amemtumikia Kristo miaka 86. Katika maandishi kamili ya barua hiyo yaliyotufikia, njiwa anatoka mwilini mwake anapochomwa kwa jambia, lakini Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa aliyeinukuu katika karne ya nne, hana njiwa huyo. Unapokutana na shahidi anayenusurika vifo vitano mfululizo, au anayetoa hotuba ndefu ya mafundisho huku hakimu akiunguruma kama simba, mkumbuke njiwa wa Smirna.

Usiwasahau waliokana

Huko Misri zimepatikana karatasi za mafunjo zaidi ya 40 za wakati wa Decius, ambazo ni vyeti vya kuthibitisha kwamba mwenye cheti ametoa sadaka, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka mbele ya maofisa. Wakristo wengi walitoa sadaka, na wengine walinunua cheti bila kutoa. Sipriani alilazimika kuamua watu hao warudishweje, wakati yeye mwenyewe alilaumiwa kwa kujificha. Ukifundisha habari za mashahidi bila kuwataja hawa, wasikilizaji wako watadhani kwamba uthabiti ulikuwa jambo rahisi.

Unapowasimulia wengine

Usitaje idadi kubwa za waliouawa ili kuwagusa watu. Origen, mwanateolojia wa karne ya tatu ambaye baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, aliandika kabla ya Decius kwamba waliokufa walikuwa wachache na wa kuhesabika kwa urahisi. Kama unafundisha Afrika Mashariki, unaweza kuunganisha somo na Namugongo, mahali wanapokumbukwa mashahidi wa Uganda, bila kulazimisha, kwa sababu Papa Paulo VI, alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pamoja na wale wa Scilli na Karthago.

Njia ninayoipendekeza kwa kikundi ni kusoma kumbukumbu ya Scilli kwa sauti. Mtu mmoja asome maneno ya liwali kwa upole, kama ofisa anayetaka kumaliza kazi yake, na wengine wagawane majibu. Jibu la Secunda, "Nilivyo, ndivyo ninavyotaka kuwa," lisomwe bila kupandisha sauti. Baada ya hukumu ya upanga, msomaji mmoja asimame na kuyasoma polepole majina yaliyotangazwa na mpiga mbiu: Speratus, Nartzalus, Cittinus, Veturius, Felix, Aquilinus, Laetantius, Januaria, Generosa, Vestia, Donata, Secunda.